Usisevu Kwanza: Maneno kwa Makarani wa Korosho, Mtwara

Nilizungumza haya, kuhusu herufi za majina zinazovurugika kwenye mafaili ya kompyuta, Mtwara mjini mbele ya makarani wa vyama vya msingi, wiki chache kabla ya msimu wa korosho kufunguliwa. Wengi waliniomba maandishi. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nikiacha tu pale tulipokuwa tunabofya kompyuta pamoja.

Mgeni rasmi, viongozi wetu wa ushirika, makarani wenzangu mliotoka Newala, Tandahimba, Masasi na Nanyumbu, na ninyi wa Lindi mliopita Mnazi Mmoja kabla jua halijachomoza: asalaam aleikum, Bwana asifiwe. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni.

Tazameni ukutani. Kuna mistari mitatu. Wa kwanza unasomeka JoÃ£o. Wa pili, Ngâ€™apa. Wa tatu, Jo�o, na hapo katikati mnaona almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza tumboni. Nimesikia mtu huko nyuma akisema "wadudu wameingia". Ndivyo tunavyosema maofisini: faili limeingia wadudu, kompyuta ina virusi, fleshi ya fulani ni chafu. Ndugu zangu, hakuna mdudu hapo. Mstari wa kwanza ni mzima, haujapoteza hata herufi moja. Wa pili ni mzima vilevile. Wa tatu umekwisha kufa. Karani anayejua kutofautisha aliye hai na maiti katika mistari hiyo anaweza kuokoa malipo ya mkulima, na asiyejua anaweza kuyazika kwa kubofya mara moja tu.

Naanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natunza orodha ya wakulima katika chama kimoja cha msingi. Mnajua mambo yanavyokwenda tangu stakabadhi ghalani ilipoanza mkoani hapa mwaka 2007: mkulima anapima korosho, mzigo unakwenda ghala kuu, mnada unapita, fedha zinaingia benki kwa jina lake. Jina la kwenye orodha likipishana na jina la kwenye akaunti, fedha zinarudi zilikotoka na mkulima anabaki na karatasi mkononi. Msimu ule nililetewa faili kutoka kwenye mfumo. Nikalibofya mara mbili, likafunguka kwenye Excel. Katika mstari mmoja jina la mkulima lilisomeka JoÃ£o. Nikaona alama ya paundi, ile ya fedha za Waingereza, katikati ya jina la mtu. Nikajua, au nilidhani najua, kwamba kuna mwenzangu aliyebonyeza vibaya. Nikaifuta paundi, likabaki JoÃo, nikasevu, nikatuma.

Mwenye jina ni mzee aliyezaliwa ng'ambo ya Ruvuma. Wazazi wake walivuka naye wakati wa vita vya ukombozi vya Msumbiji, vile vilivyoanza Septemba 1964, na wengi wenu humu mna babu au bibi waliovuka hivyohivyo. Alibatizwa João, kwa Kireno, na benki walimwandikisha hivyo, pamoja na kile kiwimbi kinachokaa juu ya herufi a.

Fedha zikarudi. Alikuja ofisini mara ya kwanza nikamwambia asubiri kidogo. Akaja mara ya pili nikamwambia tumeshapeleka malalamiko. Mara ya tatu alikuja na kitambulisho ndani ya mfuko wa nailoni, akakitoa, akakilaza mezani mbele yangu, akaniambia kwa upole: "Mwanangu, mimi nimepalilia, nimepulizia salfa, nimeokota, nimeanika, nimepeleka. Na jina langu nililileta. Limepotelea wapi?" Nilimjibu, "Babu, ni mfumo." Lile jibu linaniuma mpaka leo, kwa sababu halikuwa kweli. Mfumo ulileta jina zima. Mimi ndiye niliyelisoma kwa jicho lisilo lake, nikalikata, nikasevu juu yake.

Kwa hiyo haya ninayowaeleza ni deni ninalolipa.

Sasa tuingie ndani. Kompyuta haihifadhi herufi. Inahifadhi namba. Ukiandika A kubwa inaandika 65, ukiandika a ndogo inaandika 97, na ile ritifaa tunayoiweka kwenye ng', ambayo wengi tunaiita apostrofi, inaandikwa 39. Namba hizo zimetoka kwenye jedwali lililotungwa Marekani na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1963, linaitwa ASCII, na lina nafasi 128 tu. Humo mna herufi za Kiingereza, tarakimu, alama za uandishi na amri chache za mashine. Basi.

Fikirini daftari la mizani. Umelifungua, umekuta mtu ameandika "kumi". Kumi nini? Kilo? Debe? Gunia? Mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua korosho kwa magendo, anaishi kwa utata huohuo: mkulima ana kipimo chake kichwani, mnunuzi ana bakuli lake mkononi, na neno wanalotamka wote wawili ni lilelile. Faili la maandishi lisilotaja limeandikwa kwa jedwali gani ni daftari lenye "kumi" tupu. Namba zipo na ni sahihi. Kinachokosekana ni kipimo.

Kiswahili sanifu kilikuwa na bahati. Hakina herufi yenye mkia, kofia wala kiwimbi. Kila tunachoandika kinaenea ndani ya zile nafasi 128, na hata ritifaa yetu ina kiti chake, namba 39. Ndiyo maana kwa miaka mingi tulidhani haya ni matatizo ya Wafaransa na Warusi. Lakini sisi wa kusini tuna milango miwili ambayo shida hii inapitia, na nadhani mmeshaitambua kwenye ile mistari ukutani: majina ya ndugu zetu wa Msumbiji, na hiyohiyo ritifaa tuliyodhani iko salama.

Watu wa lugha nyingine hawakutosheka na 128. Kompyuta zilipopata majedwali yenye nafasi 256, kila upande wa dunia ukajaza nafasi 128 za juu kwa mahitaji yake. Ulaya Magharibi wakaweka herufi zao, Warusi zao, Waarabu zao. Chukueni namba 227 pekee. Kwenye jedwali la Windows la Ulaya Magharibi, linalojulikana kwa namba 1252, hiyo 227 ni ã, ile ya João. Kwenye jedwali la Windows la Kirusi ni г. Kwenye la Kiarabu ni م, mim. Namba moja, herufi tatu, na faili halisemi ni ipi. Wajapani, ambao wameteseka na jambo hili kuliko wengi, wana neno lake kabisa: mojibake, yaani herufi zilizobadilika umbo.

Dawa ilianza kupatikana mwaka 1991, lilipotoka toleo la kwanza la Unicode, jedwali moja la maandishi ya dunia nzima. Leo lina zaidi ya herufi na alama 150,000. Kila herufi ina namba yake na haigombanii na nyingine. Likabaki swali la namna ya kuziandika namba kubwa namna hiyo ndani ya faili bila kuharibu mafaili ya zamani. Septemba 1992, wataalamu wawili wa kompyuta, Ken Thompson na Rob Pike, walikuwa wanakula kwenye mgahawa huko New Jersey, na Thompson akachora jibu kwenye karatasi ya kuwekea sahani. Jibu hilo ndilo UTF-8.

Naomba mnivumilie hapa kidogo, maana ukiielewa UTF-8 hutamkata tena mtu jina. Herufi za kawaida, zile 128 za zamani, zinabaki vilevile, namba moja kila moja. Herufi nyingine zinaandikwa kwa namba mbili, tatu au nne zinazofuatana, na namba ya kwanza inatangaza msafara una watu wangapi. Ikianza 195, inasema: tuko wawili. Ikianza 226, inasema: tuko watatu. Ile herufi ndogo ya Kireno, ã, inaandikwa 195 kisha 163. Programu inayosoma kwa UTF-8 inaona 195, inajua kuna mwenzake nyuma, inawaunganisha, inachora ã. Sasa programu inayosoma kwa lile jedwali la 1252 haijui habari za misafara. Kwake kila namba ni herufi kamili. Inatazama 195, inakuta Ã. Inatazama 163, inakuta £.

Ile ndiyo paundi yangu niliyoifuta. Haikuwa paundi. Ilikuwa nusu ya herufi ya mzee.

Mstari wa pili ni wa Ng'apa, hiyo ya Lindi, kwenye mradi wa maji wa mjini. Mtu akiandika Ng'apa kwenye Word, au kwenye simu nyingi za siku hizi, programu inaondoa ritifaa iliyosimama wima, ile namba 39, na kuweka iliyojikunja kama mkia wa koma. Inafanya hivyo ili kupendezesha maandishi, bila kukuuliza. Iliyojikunja si namba 39 tena. Katika UTF-8 ni msafara wa watatu: 226, 128, 153. Ukiusoma kwa jedwali la 1252 unapata â, kisha alama ya fedha ya Ulaya, €, kisha ™, alama ya biashara. Kwa hiyo ukiona â€™ katikati ya neno la Kiswahili, jua kwa uhakika kabisa kwamba hapo palikuwa na ritifaa. Ngâ€™ombe ni ng'ombe. Ngâ€™ambo ni ng'ambo. Huhitaji kumpigia mtu simu kuuliza.

Kuna hali mbaya kidogo kuliko hiyo. Karani wa kwanza anaona JoÃ£o, anasevu kama ilivyo kwa UTF-8. Karani wa pili anafungua kwa jedwali la 1252. Sasa Ã inavunjika kuwa herufi mbili na £ inavunjika kuwa mbili, na jina linasomeka JoÃƒÂ£o. Wa tatu akirudia tunapata JoÃƒÆ’Ã‚Â£o. Herufi moja imekuwa mbili, zikawa nne, zikawa nane. Jina linavyorefuka ndivyo linavyokuonyesha limepita mikono mingapi. Lakini sikilizeni: hata hilo refu bado ni zima. Linarudi kwa njia lilikopita, hatua moja baada ya nyingine, mradi hakuna aliyefuta kitu katikati.

Aliyekufa ni huyu wa tatu. Safari yake ilikuwa kinyume. João aliandikwa kwa jedwali la 1252, yaani kwa ile 227 moja, halafu programu ikasoma kwa UTF-8. Programu ikaona 227, ambayo katika UTF-8 inatangaza msafara wa watatu. Ikageuka kumtazama wa pili, ikakuta herufi o ya kawaida, ambayo haiwezi kuwa mwana-msafara. Imeshindwa, ikaweka ile almasi nyeusi kumaanisha "hapa nimeshindwa kusoma". Kama hujasevu, hakuna kilichopotea, 227 bado imelala kwenye faili. Ukisevu, almasi inaandikwa mahali pa 227, na hakuna fundi duniani anayeweza kujua palikuwa na ã, é, au ç. Kuna siku utaiona imejificha kwa sura nyingine, ï¿½, herufi tatu. Ni almasi ileile imesomwa kwa 1252. Na alama ya kuuliza ya kawaida, Jo?o, ni msiba uleule: mtu alisevu kwenye jedwali lisilo na nafasi ya ã, na programu ikaweka alama ya kuuliza badala yake.

Hii ndiyo sababu nimeyaita mazungumzo haya Usisevu Kwanza. Kuona vibaya hakuui faili. Kusevu ulichokiona vibaya ndiko kunakoua.

Nipitie haraka jambo linalochanganywa na hili. Ukiona visanduku vitupu, kila herufi kisanduku chake, mara nyingi faili na usomaji ni sawa, ila kompyuta haina fonti yenye umbo la herufi hizo. Leta fonti, yamekwisha.

Na kwa wenzangu mnaochapa kazi za misikiti na madrasa: Kiarabu kilichoandikwa kwa UTF-8 na kusomwa kwa 1252 kinatoka kimejaa Ø na Ù, kwa mfano Ø§Ù„. Kilichoandikwa kwa jedwali la Windows la Kiarabu, namba 1256, kinatoka kama ÇáÓáÇã, ambayo ni السلام. Mkishazoea mtaitambua kwa jicho kama mnavyotambua korosho iliyolowa kabla ya kuimenya. Nalitaja hili kwa sababu pwani yetu, kuanzia Kilwa mpaka Mikindani, iliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya hizi za Kirumi, na majumbani mwa watu bado kuna barua na hati za mababu. Vijana wameanza kuzichapa kwenye kompyuta. Ningesikitika sana hati iliyovumilia mchwa na chumvi ya bahari ije iuliwe na mtu aliyesevu bila kuangalia.

Sasa tiba.

Faili likifika, kabla ya chochote, linakili. Nakala ya asili iweke kwenye folda ambayo huigusi, au iache kwenye barua pepe ilikokuja. Mzee wangu aliokolewa na hilo, si na ujuzi wangu. Barua pepe ya awali ilikuwa bado ipo, na faili lake halijaguswa na mkono wangu. Nilipolifungua ipasavyo, João alikuwa amekaa humo na kiwimbi chake, kama alivyoletwa.

Kulifungua ipasavyo maana yake ni usilibofye mara mbili. Faili la CSV, yaani la maandishi matupu ambalo safu zake zinatenganishwa kwa koma, ukilibofya mara mbili, Excel mara nyingi inalisoma kwa jedwali la Windows lililowekwa kwenye kompyuta yako, na kwa kompyuta zetu nyingi hilo ni 1252. Fungua Excel tupu kwanza, nenda menyu ya Data, chagua kuleta kutoka faili la maandishi. Litatokea dirisha lenye orodha ya majedwali kwa namba. Chagua 65001. Hiyo ndiyo UTF-8. Chini yake utaona mistari ya mwanzo ya faili kama itakavyokuwa, na hapo ndipo pa kusimama na kutazama. Tafuta jina unalolijua. Likiwa sawa, endelea. Likiwa na almasi nyeusi, faili hilo halikuandikwa kwa UTF-8, jaribu 1252. Hujaharibu kitu, umejaribu miwani tu. Wanaotumia LibreOffice wana nafuu, maana inauliza swali hili kila mara unapofungua CSV. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunabonyeza sawa bila kulisoma.

Kama herufi zimeshasevuwa zikiwa zimevurugika, zile JoÃ£o ambazo sasa ndizo zilizomo kwenye faili, tumia Notepad++, programu ya kuhariri maandishi matupu. Ni ya bure. Kwenye menyu yake ya majedwali kuna mafungu mawili, na tofauti yake ndiyo elimu yote ya leo. Fungu moja linasoma namba zilezile kwa jedwali jingine. La pili linageuza, yaani linabadilisha namba zenyewe ili herufi unazoziona zibaki. Unaanza kwa kugeuza kwenda ANSI, jina la kizamani la jedwali la Windows la kompyuta yako. Ã inakuwa tena 195, £ inakuwa tena 163. Kisha unaiambia isome kama UTF-8. Msafara unaungana, ã inarudi. Jina lililorefuka mara mbili linahitaji kurudishwa mara mbili. Likifika sawa, geuza sasa kwenda UTF-8, kisha usevu kwa jina jipya.

Njia hiyo haimponyi kila mgonjwa. Jedwali la 1252 lina nafasi tano tupu, zisizo na herufi, na namba 157 ni mojawapo. Alama iliyojikunja ya kufungia nukuu inaishia na 157 hiyo, kwa hiyo yenyewe ndiyo inayopotea mara nyingi, unabaki na â€ bila mwisho wake. Hapo itabidi urekebishe kwa mkono, na ni halali, kwa sababu unajua kilichokuwapo.

Kuna wanaopenda kutafuta na kubadilisha: andika Ã£, weka ã. Kwa faili lenye mistari michache sina ugomvi nao. Ila anzeni na mfuatano mrefu kabla ya mfupi. Niliwahi kuona mtu ameanza kwa kufuta kila Ã peke yake ili "kusafisha kwanza", na baada ya hapo hakukuwa na cha kurudisha, kwa sababu é, ã na ç zote huanza na Ã hiyohiyo.

Wakati wa kutuma, Excel ya 2016 na za baadaye ina chaguo la kusevu CSV kwa UTF-8. Litumieni. Linaweka mwanzoni mwa faili alama isiyoonekana, namba 239, 187 na 191, ambayo Excel nyingine ikiiona inatambua jedwali yenyewe. Mfumo usioielewa utawaonyesha ï»¿ mbele ya kichwa cha safu ya kwanza, na utadai hauoni safu ya "Jina" wakati ipo. Mkikutana na hilo, sevuni upya kwa Notepad++ mkichagua UTF-8 isiyo na alama hiyo. Na Notepad ya kawaida ya Windows, tangu mwaka 2019, inasevu kwa UTF-8 yenyewe na inaandika chini ya dirisha ni jedwali gani linatumika. Kabla ya hapo ilisevu kwa ANSI, na mafaili mengi ya zamani kwenye kompyuta zetu yako hivyo.

Viongozi wa vyama, hapa nawaomba masikio yenu, kwa sababu linahusu fedha. Mnapowatumia wanachama ujumbe mfupi wa tarehe ya mnada au ya malipo, ujumbe mmoja unabeba herufi 160, kwa jedwali la simu ambalo lina ritifaa iliyosimama na halina iliyojikunja. Ikiingia ritifaa moja tu iliyojikunja, labda kwa sababu mtu alinakili kutoka Word, ujumbe wote unahamishiwa jedwali jingine na nafasi zinashuka kuwa 70. Ukipita hapo unakatwa vipande vya herufi 67. Tangazo la herufi 150 lililokuwa ujumbe mmoja linakuwa jumbe tatu. Chama chenye wanachama 600 kitalipia ujumbe 1,800 badala ya 600, kwa ajili ya mkia wa ritifaa ya neno Ng'apa. Chapeni tangazo moja kwa moja kwenye sehemu ya kutuma ujumbe, au kwenye Notepad, na mwangalie kihesabu cha herufi kabla ya kubonyeza.

Nimesikia suluhisho jingine likipendekezwa, na hata kutumika: tuache ritifaa kabisa, tuandike Ngapa, ngombe, ngambo. Nalikataa kwa moyo wangu wote. Ritifaa kwenye ng' si pambo. Ni sehemu ya herufi. Ng'oa ni kung'oa mti. Ngoa ni wivu na tamaa. Mtoto wa shule anayejifunza kusoma kwa majina ya vijiji vyetu anahitaji kuliona jina kama linavyotamkwa. Hatuwezi kukata lugha ili itoshe kwenye kosa la kompyuta, hasa kosa ambalo dawa yake ina zaidi ya miaka thelathini. Wala hatuwezi kumwambia mzee aache kiwimbi alichopewa kwenye ubatizo.

Ninachoomba ni kwamba sote tuandike ritifaa ya aina moja kwenye orodha, ile iliyosimama. Kwenye Word ingieni sehemu ya masahihisho ya kiotomatiki mkaondoe tiki ya kukunja alama za nukuu. Kwenye simu iko kwenye mipangilio ya kibodi. Bila hivyo kompyuta inaona Ng'apa na Ng’apa kama sehemu mbili tofauti, mkulima mmoja anatokea mara mbili kwenye orodha ya pembejeo, na mnapotafuta jina lake mnaambiwa hayupo.

Yule mzee alilipwa. Siku fedha zilipoingia alirudi ofisini ingawa hakuwa na haja ya kurudi, akaniomba nimwonyeshe jina lake kwenye kioo cha kompyuta. Nikalikuza likajaa kioo chote. Akaweka kidole chini ya kile kiwimbi, akakaa nacho pale muda mrefu, kisha akasema jina lile kwa sauti kama alivyoitwa na mama yake. Mimi nilikuwa naliita Joao, kavukavu. Kumbe lile o la mwisho linapitia puani.

Mgeni rasmi, nashukuru kwa muda. Sasa tuwashe kompyuta. Wewe dada wa Tandahimba uliyeniambia asubuhi kwamba una mistari hamsini na tatu yenye "wadudu", njoo hapa mbele na fleshi yako. Usiifungue. Tunakili kwanza.